Moto wa Tumbo: Fundisho la Kale la Wahindi kwa Mfanyakazi wa Mgodi



Miezi hii watu wengi wamefika dispanseri ya kampuni wakiwa na swali moja. Mmoja ameleta kopo la unga wa kahawia, mwingine chupa ya vidonge vyeusi, wa tatu karatasi aliyopewa sokoni Bunia. Wote wanauliza: "Hii dawa ya Wahindi, wanayoiita Ayurveda, inafaa au haifai?" Wauzaji wamewaambia kwamba inaponya sukari, presha, mgongo, tumbo na ugumba, yote kwa kopo moja.

Jibu letu fupi ni hili. Katika Ayurveda mna vitu viwili. Cha kwanza ni utaratibu wa kuishi: saa ya kula, kiasi cha kula, usingizi, usafi na kujitawala. Hicho ni kizuri, hakina bei, nacho chamfaa sana mtu wa mgodi. Cha pili ni dawa za kopo. Hizo zaweza kuwa na hatari ambayo mnunuzi haioni kwa macho. Tutaeleza vyote viwili, ili kila nyumba ijue la kushika na la kuacha.

AYURVEDA NI NINI?

Neno hili ni la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. "Ayus" ni maisha, "veda" ni elimu. Basi ni elimu ya maisha, nayo ndiyo matibabu ya jadi ya Wahindi. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, vina umri wa miaka kama 2000. Hata leo ina shule na hospitali zake, na mwaka 2014 serikali ya India iliiundia wizara, pamoja na yoga na matibabu mengine ya jadi.

Tusidhani kwamba mambo ya Wahindi ni ya mbali sana nasi. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Nyuma ya reli walikuja wenye maduka. Chapati tunayonunua asubuhi Bunia pamoja na chai ya tangawizi, asili yake ni jiko la Wahindi. Na kule pwani, Waswahili wana elimu inayofanana na hii, waliyoipata kwa Waarabu. Wanagawa vyakula vya moto na vyakula vya baridi, na mama aliyejifungua hupewa uji wenye pilipili manga ili mwili wake upate joto.

Ayurveda yasema mwili unatawaliwa na nguvu tatu: vata, yaani upepo; pita, yaani moto; na kafa, yaani maji na udongo. Mtu akiwa mzima, nguvu hizo zimelingana. Moja ikizidi, anaugua. Hakuna mashini ya hospitali inayopima nguvu hizo, wala dispanseri haitibu kwa kuzifuata. Lakini ndani ya maneno hayo mna jambo la kweli: watu hawafanani. Mmoja akila maharagwe usiku analala vizuri, mwenzake tumbo linajaa hewa mpaka asubuhi. Mmoja akinywa kahawa anapata nguvu, mwenzake moyo unamwenda mbio. Jifunze mwili wako mwenyewe, wala usile kitu kwa sababu tu jirani yako anakila.

MOTO WA TUMBO

Fundisho kubwa la Ayurveda juu ya chakula ni kwamba tumboni mna moto, nao unaitwa agni. Chakula ni kuni. Ukitia kuni kwa kiasi na kwa saa yake, moto unawaka vizuri na chungu kinaiva. Ukirundika kuni nyingi mara moja, moto unafuka moshi. Ukiacha kutia kuni siku nzima, moto unazimika. Kila mama anayepika kwa makaa anaelewa maneno haya kuliko daktari.

Tazameni sasa namna wengi wetu tunavyokula. Mtu anaamka saa kumi ya usiku, anatoka na chai tupu. Anafanya kazi ya kuinua, kusukuma na kuchimba mpaka alasiri. Anarudi nyumbani saa kumi na moja na njaa ya simba, anakula mlima wa ugali, anajitupa kitandani. Ndiye huyo tunayemwona dispanseri akisema kifua kinawaka na maji machungu yanampanda kooni. Lakini kiungulia si hatari yake ya kwanza. Hatari ya kwanza iko kazini. Mtu mwenye njaa anatetemeka, macho yanatia giza, masikio hayasikii vizuri kengele ya gari linalorudi nyuma. Mashini haijui kwamba mwenye kuiendesha hajala.

Vitabu vya Ayurveda vinataka chakula kikubwa kiliwe mchana, wakati jua liko juu na moto wa tumbo una nguvu. Kwa mtu wa zamu ya asubuhi, fanya hivi: kabla ya kutoka, kula chakula cha kweli, kama uji mzito wenye karanga au soya, au viazi na maharagwe ya jana yaliyochemshwa tena. Mchana kula chakula kikubwa ulichofungiwa nyumbani. Jioni kula kidogo, saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Na kiasi? Charaka anasema tumbo ligawanywe mafungu matatu: fungu moja la chakula kigumu, fungu moja la vinywaji, na fungu moja libaki tupu ili chakula kipate nafasi ya kugeuka. Hatuwezi kupima tumbo kwa rula, lakini maana yake ni wazi. Acha kula ukiwa umeshiba, kabla hujalemewa.

Kiasi hicho hakihusu sahani peke yake, chahusu pia mshahara. Ziko nyumba ambazo siku za malipo zinakula nyama na kunywa bia wiki moja, halafu wiki tatu zinakula ugali na chumvi. Mwili wa mtoto hauwezi kungoja mwisho wa mwezi. Afadhali maharagwe na samaki wadogo kila siku kuliko mbuzi mzima siku moja. Baba na mama wakae pamoja siku ya malipo, watenge kwanza fedha ya chakula cha mwezi mzima: unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Mengine yafuate.

LADHA SITA KATIKA SOKO LETU

Charaka aliandika mambo manane ya kuangaliwa kabla ya kula: asili ya chakula, namna kilivyotayarishwa, kimechanganywa na nini, kiasi chake, nchi, wakati, kanuni za kula, na mtu mwenyewe anayekula. Angalieni neno "nchi". Elimu hii yenyewe yasema kwamba mtu ale kinachomfaa mahali anapoishi. Basi anayekuambia kwamba bila vyakula vya kutoka India huwezi kufuata Ayurveda, hajaisoma. Ituri ina vya kutosha.

Wahindi wanasema chakula cha siku kiwe na ladha sita. Hizi hapa, pamoja na vyakula vya kwetu:

Tamu: ugali, mchele, viazi, ndizi, maziwa, mafuta. Kwao "tamu" ni kila kinachojenga na kutia nguvu, si sukari tu.

Chachu: ndimu, marakuja, nyanya, maziwa ya mgando.

Chumvi: chumvi yenyewe, na makayabu.

Kali: pilipili, tangawizi, kitunguu, kitunguu saumu.

Chungu: biringanya chungu na mboga za majani zenye uchungu.

Kakasi, ile inayokausha ulimi: maharagwe, mapera, ndizi mbichi, chai.

Hii si sayansi ya hospitali, lakini angalieni inavyofanya kazi. Mama anayetafuta ladha sita hawezi kupika ugali mtupu. Ladha zitamlazimisha kutia maharagwe, na hapo watoto wanapata protini. Zitamlazimisha kutia majani, na hapo wanapata madini ya damu. Atatia ndimu au nyanya, nazo zinausaidia mwili kuyapokea madini hayo. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Hiyo ni kama sahani moja nzuri ya lengalenga au sombe, pamoja na papai au maembe.

Katika ladha ya chumvi, angalia mkono wako. Shirika hilo hilo linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa vyote unavyokula. Makayabu yalowekwe na kumwagwa maji mara mbili kabla ya kupikwa, hasa kama mtu wa nyumbani ana presha. Samaki wabichi kutoka Ziwa Albert, wanaotoka Kasenyi na Tchomia, hawana shida hiyo.

KUTAYARISHA NI NUSU YA CHAKULA

Jambo la pili katika yale manane ni utayarishaji, na hapa twataka akina mama wasikilize sana. Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Sumu hiyo haitoki kwa kupika tu. Sharti uumenye, uuloweke majini usiku 3 au zaidi mpaka ulainike, uukaushe vizuri juani, ndipo uutwange. Anayeloweka usiku mmoja kwa sababu ya haraka au njaa anailisha nyumba yake sumu kidogo kidogo. Iko nchini mwetu kilema kinachoitwa konzo: miguu inakakamaa ghafla, na mtu hatembei tena kama zamani. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kutoka Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake, katika nyumba zinazokula muhogo usiolowekwa vizuri bila maharagwe wala samaki. Protini inausaidia mwili kuitoa sumu hiyo. Kwa hiyo ugali wa muhogo usikose mwenzake.

Sombe nayo itwangwe sana na kuchemshwa sana. Mawese mekundu yana vitamini A, ambayo inalinda macho ya watoto. Lakini ukiyaunguza mpaka yawe meupe, umeichoma vitamini yenyewe. Yatie chunguni yakiwa mekundu.

Ayurveda yasifu chakula kilichopikwa sasa hivi, kikaliwa kikiwa moto. Hapo inakubaliana na hospitali kabisa. Chakula kilicholala bila baridi huota vijidudu. Chakula cha kazini kifungwe kikiwa moto, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, na kiliwe kabla ya kupita saa 4. Mikono ioshwe kwa sabuni, hasa mikono iliyoshika mawe, mafuta ya mashini au dawa za kiwanda.

Yako pia makatazo ya Ayurveda ambayo hayajathibitishwa. Vitabu vyake vyakataza, kwa mfano, samaki kuliwa pamoja na maziwa. Sayansi haijaona ubaya wake kwa mtu mzima wa afya. Twalisema hili kwa sababu hata vijijini kwetu tuna miiko inayowanyima watoto na mama wenye mimba mayai au samaki. Mtoto aliyevimba miguu, nywele zikageuka nyekundu, na uso ukawa wa huzuni, mara nyingi ni mtoto aliyenyimwa protini. Mwiko wowote unaomnyang'anya mtoto chakula cha kumjenga uachwe, uwe umetoka India au umetoka kwa babu yetu.

HAJA 13 ZISIZOZUILIWA

Katika kitabu cha Charaka mna sura moja ambayo ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila mgodi. Inataja haja 13 za mwili ambazo mtu asizizuie: mkojo, choo, shahawa, hewa ya tumbo, kutapika, chafya, kubeua, miayo, njaa, kiu, machozi, usingizi, na kuhema baada ya kazi ngumu.

Mfanyakazi mwema hupenda kujikaza. Anazuia kiu kwa sababu maji yako mbali. Anakunywa kidogo makusudi, ili asihitaji kwenda kukojoa. Matokeo yake tunayaona: kichwa kinauma, mkojo unakuwa mweusi kama chai, mgongo wa chini unauma, na mwisho mawe kwenye figo. Beba bidoni yako ya maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Unywe kidogo kidogo kila mara, hata kabla kiu haijakushika. Angalia mkojo wako: ukiwa mweupe au wa njano hafifu, ni vizuri; ukiwa wa kahawia, umechelewa kunywa. Na kapita asimkatalie mtu ruhusa ya kwenda chooni. Dakika 5 za choo hazipotezi kazi kama siku 5 za hospitali.

Kuhema nako kumetajwa. Mtu akishuka mzigo mzito aache pumzi irudi. Ayurveda yasema mazoezi yafanywe mpaka nusu ya nguvu, yasivuke. Kazini hatuwezi kupima nusu, lakini twaweza kupokezana mizigo na kunyoosha mgongo.

Sura hiyo hiyo inataja pia haja ambazo ni sharti zizuiwe: tamaa, hasira, maneno makali, uongo, wizi, na kumdhuru mwingine. Katika shimo, mtu aliyeshuka na hasira za nyumbani ni hatari kwa wenzake wote.

USINGIZI NA ZAMU YA USIKU

Charaka anasema maisha yamesimama juu ya nguzo tatu: chakula, usingizi, na kujizuia katika tamaa za mwili. Katika kazi yetu, nguzo ya usingizi ndiyo inayovunjika kwanza.

Kwa kawaida vitabu hivyo havipendi usingizi wa mchana. Lakini vinawaruhusu watoto, wazee, wagonjwa, waliochoka kwa kubeba mizigo, na waliokesha. Basi ndugu wa zamu ya usiku, ruhusa yako iliandikwa miaka mingi kabla hujazaliwa. Hata sayansi ya leo inaiogopa kazi ya usiku: mwaka 2007, na tena mwaka 2019, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni waliiweka miongoni mwa mambo ambayo huenda yakaleta saratani. Hatuwezi kuiondoa zamu ya usiku, lakini twaweza kuipunguzia madhara.

Kula chakula chako kikubwa saa kumi na mbili ya jioni, kabla ya kwenda kazini. Katikati ya usiku kula kidogo, kiwe moto na chepesi: uji, au supu ya maharagwe. Kahawa iishe kabla ya saa nane ya usiku. Asubuhi, ukirudi, kula kidogo, oga, ulale mara moja ndani ya chumba chenye giza. Usinywe bia ili kuleta usingizi. Usingizi wa pombe ni wa kuvunjika vunjika. Na lotoko usiiguse wakati wowote. Pombe hiyo ya kuchemsha yaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua.

Hapa nyumba nzima inashiriki. Mama awapeleke watoto wacheze mbali, radio ishushwe, wageni waambiwe baba amelala. Mlango uliofungwa vizuri asubuhi unaweza kumwokoa mtu saa tisa ya usiku, wakati analiongoza gari kwenye mteremko.

SASA TUZUNGUMZE JUU YA KOPO

Ndani ya Ayurveda liko tawi moja linaloitwa rasa shastra. Linatumia madini: zebaki, risasi, shaba, hata dhahabu. Madini yanachomwa mara nyingi, yanageuzwa majivu, yanachanganywa na miti. Watengenezaji wake wanasema moto umeitoa sumu yote. Sisi watu wa mgodi tunajua jambo moja: risasi ukiichoma mara 100, inabaki risasi.

Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima aina 70 za dawa za Ayurveda walizozinunua kwenye maduka ya Boston. Aina 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walitangaza matokeo ya kupima aina 193 zilizouzwa kwa intaneti. Karibu moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Kama mambo ni hivyo katika mji wenye maabara na wakaguzi, je, kopo lililopita mikono mingi mpaka likafika Bunia bila karatasi yoyote?

Risasi inaharibu damu, inasokota tumbo, inafunga choo, inalegeza mikono, na inapunguza akili ya mtoto kwa maisha yake yote. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inamfikia mtoto aliye tumboni mwa mama. Katika Ituri zebaki si jina geni. Wachimbaji wa mkono wanaitumia kukamata dhahabu, halafu wanaichoma, na moshi wake unavutwa na kila aliye karibu. Kila siku tunawaambia: msiishike kwa mikono, msiichome ndani ya nyumba, sufuria iliyochomewa zebaki isipikiwe chakula hata ikisuguliwa namna gani. Tukuambie usiiguse kwa mkono, halafu uinywe kwa kijiko?

Hata viungo vya jikoni vinahitaji macho. Katika Bangladesh, manjano ya unga yalikuwa yakitiwa rangi yenye risasi ili yang'ae. Mwaka 2019 wachunguzi walilitangaza jambo hilo, serikali yao ikawaadhibu wauzaji, na katika miaka miwili rangi hiyo ikatoweka sokoni mwao. Somo kwetu: nunua mzizi mzima wa manjano au tangawizi, uoshe, utwange mwenyewe. Unga unaong'aa kupita kiasi uuache sokoni.

Tusikosee lakini kusema kwamba dawa za miti ni bure. Wahindi walitumia mti mmoja, Rauvolfia, tangu zamani, na mwaka 1952 wanasayansi walitoa ndani yake reserpini, dawa ya kushusha presha. Ndugu wa mti huo, Rauvolfia vomitoria, anaota katika misitu ya Kongo, na mizizi yake iliuzwa ng'ambo kutengeneza dawa hiyo hiyo. Basi miti ina nguvu kweli. Na kwa sababu ina nguvu, inahitaji kipimo. Reserpini ikizidi, presha inaanguka, na roho ya mtu inaingia huzuni nzito. Mzizi uliotwangwa sokoni hauna kipimo.

PALE AMBAPO CHAKULA PEKE YAKE HAKITOSHI

Fikiria mtu mwenye sukari. Amekunywa vidonge vya dispanseri mwaka mzima, anaendelea vizuri. Mtu anamwambia: "Acha sumu za Wazungu, unywe unga huu." Anaacha. Wiki chache baadaye ana kiu isiyokatika, anakonda, kidonda cha mguu hakifungi. Mtu huyo anaweza kuupoteza mguu, hata maisha, na nyumba yake ikapoteza mshahara.

Homa ya malaria inataka kipimo cha damu na dawa kamili siku hiyo hiyo. Kifua kikuu kinataka dawa miezi 6 bila kukosa, na sisi tunaovuta vumbi la mawe tunakipata kwa urahisi kuliko wengine. Presha, sukari na virusi vya ukimwi vinataka dawa kila siku. Chakula chema, usingizi na utaratibu vinaisaidia dawa kufanya kazi, lakini havikai mahali pake. Mtoto anayeharisha, wakati unamleta, mpe maji haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kama unatumia dawa yoyote ya kopo au ya mganga wa miti, uilete dispanseri pamoja na kopo lake. Hatutakucheka, wala hatutakusemea kwa kapita. Twataka kujua tu kilichoingia mwilini mwako, ili dawa tunayokupa isigombane nacho.

YA KUKUMBUKA

1. Usiende kazini na tumbo tupu.
2. Kula kwa saa zako. Chakula kikubwa mchana, kidogo jioni.
3. Acha kula kabla tumbo halijalemewa.
4. Tafuta ladha sita: usikubali ugali mtupu.
5. Loweka muhogo mchungu usiku 3 au zaidi, na uupe mwenzake: maharagwe au samaki.
6. Kunywa maji safi. Usizuie kiu, mkojo wala choo.
7. Aliyekesha alale mchana, na nyumba imlinde.
8. Siku ya malipo, fedha ya chakula kwanza.
9. Kopo lisilojulikana lisiingie kinywani. Zebaki isiingie nyumbani.
10. Usiache dawa ya daktari bila kumwuliza daktari.

Akina baba, someni orodha hii pamoja na wake zenu, kisha muibandike jikoni. Mwenye swali afike dispanseri asubuhi yoyote ya kazi, na mwenye kopo aje nalo.